Usiliwashe Gari la Mwalimu

Kimara, 12 Februari 2024

Jirani yangu Husseinali,

Salaam nyingi kutoka huku kilimani. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu na masikio yako vimeshindwana, na mwanangu Praygod anafanya kazi hukohuko Barabara ya Kilwa, kwa hiyo tarishi ninaye wa bure. Tumehama Mtoni miaka ishirini na sita sasa na bado nakuita jirani. Nikikutaja kwa jina tupu Elinaza ananikosoa.

Nina shida ya gari. Jumanne iliyopita, pale Kimara Mwisho, bodaboda alichomoka kushoto, akagonga taa yangu, akaanguka, akainuka, akaniambia nimemgonga. Ndani ya dakika moja walikuwepo wenzake kumi na watano na wote wameona, hata wale waliofika baadaye. Trafiki akasikiliza walio wengi. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na nne, sijawahi kuitwa mwongo mbele za watu kama siku ile. Elinaza alishuka na khanga yake kiunoni akawaambia, "Nyie watoto, mie nilikuwa nimekaa hapahapa, macho yangu hayajafa!" Wakamjibu kwamba mke hawezi kuwa shahidi.

Unakumbuka uliponifundisha kuendesha kwa pikapu ya marehemu baba yako, kwenye kile kiwanja cha mchanga nyuma ya duka? Niligonga ukuta wa Mzee Jabiri. Mtaa mzima uliona, na alipokuja kuuliza walimwambia kweli tupu: Mwalimu amegonga, lakini jogoo alikatiza. Hata jogoo alitajwa. Siku hizi shahidi ananunuliwa dukani, na nasikia wewe unamuuza. Elinaza hataki kusikia lingine, anataka kamera ya gari. Niambie nichukue ipi, nisije nikauziwa mwanasesere.

Msalimie shemeji Shirinbai.

Revelian


Mtoni, 17 Februari 2024

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Shirinbai akaisoma ya tatu, akamcheka yule jogoo mpaka akakaa chini. Anasema umesahau kwamba Elinaza ndiye aliyekuwa amekaa nyuma ya pikapu akikupigia kelele, ndiyo maana ulichanganyikiwa.

Haya, kamera. Zipo za lenzi moja, inayotazama mbele, na zipo za lenzi mbili, ya pili inafungwa kioo cha nyuma. Wewe chukua ya lenzi moja. Ya nyuma itakuonyesha watu wanaokupigia honi, na hao unawasikia tayari. Usidanganywe na maandishi makubwa kwenye boksi. Uliza swali moja tu: giza likiingia, inasoma namba ya gari lililo mbele au haisomi? Nyingi mchana ni malaika, jioni namba zote zinageuka ukungu. Chukua yenye kioo chake kidogo kwa nyuma, uone picha papo hapo bila kuhangaika na simu. Na memori kadi usinunue ya mtu aliyetandika chini barabarani. Zile zinaandikwa kubwa kumbe ndani hamna kitu. Nimekuwekea nzuri, inabeba kama saa nne za safari.

Fundi wangu Gervas ataibandika karibu na kioo cha ndani, upande wa shemeji, isikuzibe macho, na waya ataupitisha ndani ya dari. Ukiwasha gari inawaka, ukizima inazima. Inachukua na sauti. Wateja wengine huizima sauti, maana mazungumzo ya garini yana mambo yake, lakini hilo mtaamua wenyewe nyumbani. Tahadhari moja: kadi ukiichomoa na kuirudisha, kamera inaweza kukuomba ruhusa ya kuifuta yote. Iache humohumo, usiichezee.

Njoo na shemeji Jumamosi. Kababu zitakuwepo.

Husseinali


Mtoni, 20 Oktoba 2024

Mwalimu,

Tangu siku ile ya mwezi wa sita tulipomuaga Elinaza pale kwako, kabla hamjampeleka Bukoba kumzika, sijakuona. Miezi minne. Shirinbai kila Jumamosi anauliza kama utakuja, na mimi kila Jumamosi namwambia labda foleni.

Praygod ananiambia gari umelifunika turubai, kanisani unakwenda kwa bajaji, na hutaki mtu alisogelee. Anasema baba amezeeka ghafla, bora liuzwe kabla halijawa chuma chakavu. Mimi sikumwamini. Kama kamera imekusumbua, sema, nitakubadilishia. Kama ni woga, sema pia. Nilikufundisha mara ya kwanza, nitakufundisha na ya pili, na safari hii ukipiga kelele sitasikia.

Najua ni upweke. Lakini upweke wa kukaa na turubai mimi sijaiona dawa yake. Njoo.

Husseinali


Kimara, 27 Oktoba 2024

Jirani,

Kamera ni nzima. Woga sina. Magoti yananisumbua kidogo, na Barabara ya Morogoro imekuwa ya vijana. Gari haliuzwi; Praygod akikuuliza tena mwambie hivyo hivyo.

Siku hizi naiwaza sana Mtoni ile. Chumba chetu kimoja nyuma ya duka la baba yako, bomba moja la uani, Elinaza na Shirinbai wamepanga ndoo zao wakisubiri maji, huyu anamfundisha mwenzake kupika ndizi na mwenzake anamfundisha kukanda unga wa chapati. Sikukuu zenu tulikula sie, Krismasi yetu mlikula nyie. Sidhani kama tulijua kwamba ile ndiyo raha yenyewe. Tulikuwa tunangoja tuhame tupate nafasi. Sasa nina vyumba vinne, na nafasi imekuwa nyingi kuliko nilivyoomba.

Nina swali, nauliza kwa faida ya kujua tu. Kadi ikijaa, kamera husimama, au hufanyaje? Na ikiwashwa kwa dakika moja, kunapotea nini?

Revelian


Mtoni, 2 Novemba 2024

Mwalimu,

Swali zuri, la kimwalimu! Kadi ikijaa kamera haisimami. Inafuta kile cha zamani kuliko vyote na kuandika kipya juu yake, dakika kwa dakika, mpaka kiyama. Ndiyo raha yake, wewe huna kazi yoyote. Kwa hiyo kama hicho ndicho kilichokutia wasiwasi, ondoa wasiwasi na uendeshe.

Gari lisilotembea linakufa, bwana. Betri inakwisha, panya wanatafuna waya. Nimemwambia na Praygod: mkimbembeleza mzee akakataa, basi wewe liwashe, lizungushe, lipate pumzi. Najua utanuna siku mbili, halafu utanishukuru.

Husseinali


Kimara, 8 Januari 2025

Jirani,

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja ilinikasirisha nikashindwa kuijibu, na kosa halikuwa lako. Sikuwa nimekuambia kweli. Leo nakuambia.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano mimi na Elinaza tulikwenda Madale kumwona Blessing, mtoto wa Praygod, alikuwa ameanza kusimama. Kurudi tulipita Goba. Hatukuwa na haraka. Elinaza aliongea njia nzima, kwa upole, kama mtu aliyeshiba na kuridhika. Alikikumbuka chumba cha Mtoni, bomba, mvua ile iliyotuingilia mpaka kitandani. Akasema, "Mie ningeulizwa leo, ningerudi kulekule, chumba kilekile, na wewe huyuhuyu." Nikacheka, nikaendelea kuendesha. Jumatano akaanguka jikoni. Mimi sikuwepo nyumbani, jirani alimkimbiza hospitali kwa gari lake. Hakurudi.

Tulipotoka Bukoba kumzika, niliingia garini kutafuta miwani. Nikazungusha ufunguo, kidole kikagusa kamera, Elinaza akaongea. Husseinali, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba sauti hatukuizima. Nilipiga yowe peke yangu mle ndani.

Tangu siku hiyo gari halijatembea. Mwanzoni nilimsikiliza kila siku. Kisha nikagundua kwamba kamera ikipata umeme tu inaanza kurekodi, na mpaka kidole changu kikipate kitufe, dakika imekwenda. Ulipojibu swali langu nikaelewa kwamba kila dakika yangu ya kimya inafuta dakika ya zamani. Safari za nyuma zimekwisha kufutika, sasa inaila ile ya kwenda Madale. Ya kurudi bado nzima. Kwa hiyo nimejiwekea Jumapili tu, baada ya misa, dakika tatu. Betri naichaji kwa chaja ya kuazima. Kadi naogopa kuichomoa, ulisema itaomba kufutwa. Praygod naona haya kumwambia. Atasema baba anakaa kwenye gari lililosimama akizungumza na marehemu, na atakuwa amesema kweli.

Kesho napanda basi kwenda Bukoba, tunamjengea kaburi kabla ya masika. Nitakaa wiki tatu au nne. Nikirudi nisaidieni, wewe na binti yako Samina anayejua kompyuta, kuitoa ile sauti bila kuipoteza. Nina safari moja tu ya kurudi kutoka Madale, sina nyingine. Mpaka nirudi naomba hili moja: mtu yeyote asiliwashe lile gari.

Bahasha nimeifunga kwa gundi. Nampa Praygod jioni hii akuletee kesho.

Revelian


Mtoni, 24 Januari 2025

Mwalimu,

Barua yako ya tarehe nane imenifikia leo.

Praygod ameingia dukani saa nne asubuhi, anacheka. "Shikamoo, Baba Muntazir. Unisamehe bure, hii barua ya mzee niliisahau kwenye droo ya dashibodi." Mimi nikaifungua nimesimama palepale kaunta. Nilipofika penye mtu yeyote asiliwashe, nikainua macho. Gari lako lilikuwa nje ya duka, linaunguruma, na taa ndogo nyekundu ya kamera inawaka na kuzima.

Sikumbuki nilivyotoka. Nimezima gari kwa mkono wangu. Praygod akashangaa: "Si wewe mwenyewe ulisema lizungushwe, Baba Muntazir? Nimebadilisha oili, nimeweka betri mpya. Nilitaka mzee akirudi kutoka Bukoba alikute liko fiti." Amelitumia tangu siku uliyoondoka, Madale mpaka huku, kwenda na kurudi. Barua yako ilikuwa humohumo garini siku zote hizo, nusu mita kutoka kwenye kamera. Ulimlea asifungue barua ya mtu, na hakuifungua.

Kadi tumeichomoa. Samina ameitazama kwenye kompyuta tangu adhuhuri. Safari ya Madale haipo, Mwalimu. Kuna siku mbili za mwisho za Praygod, basi.

Niliandika kwanza barua nyingine, ya kusema kwamba kadi ilikuwa na hitilafu ya kiwandani. Shirinbai akaichukua akaichana, akaniambia mtu huyu alikula kwetu miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo nakuandikia hii. Aliyesema liwashwe ni mimi. Nilikuwa najiona mjanja, nakuponya kwa nguvu. Praygod sijamwambia kitu bado, na naomba ukikasirika unikasirikie mimi.

Naituma kwa basi la Bukoba.

Husseinali


Bukoba, 30 Januari 2025

Husseinali,

Barua nimeipokea stendi.

Kaburi limekamilika, tumeweka vigae vyeupe. Nilikuwa nimepanga siku ya mwisho ya ujenzi nikae pale nimwambie kwamba sauti yake iko salama. Nimekaa, nikafuta vumbi la saruji kwenye vigae, nikaondoka.

Huna haja ya kunijibu.

Revelian


Mtoni, 6 Februari 2025

Mwalimu,

Hukuniita jirani, nimeona. Hukutaka jibu, nimeona pia. Nakujibu hivyo hivyo, kwa sababu Samina amepata kitu.

Kwenye kadi kuna folda ya pili ambayo siku ile hatukuifungua. Nimeuza kamera hizi miaka sita na sikujua kazi yake, ona nilivyo mfanyabiashara. Samina amenieleza hivi: gari likitikisika kwa nguvu, kamera hudhani ni ajali. Basi kile kipande cha dakika moja inakifunga, inakiweka kando, na haikifuti hata kadi ijae vipi. Ni ushahidi, unaona? Sasa wewe na barabara za huko kwenu, Mwalimu, na uendeshaji wako ambao lawama yake naibeba mimi. Kila shimo uliloingia tangu mwezi wa tatu, kamera ilidhani umegonga.

Vipo thelathini na kitu. Vingi ni vya Praygod na nyimbo zake za singeli. Lakini kumi na kimoja ni vyenu, na Elinaza anaongea katika vyote.

Mimi sikusikia, nilitazama tu barabara ikiruka. Samina alivaa spika za masikioni akaniandikia kwenye karatasi, na Shirinbai akaisoma kwa sauti kubwa dukani. Nakunakilia vichache. Machi, njia ya Mbezi: "Revelian! Shimo hilo! Unaliona au unalipiga picha?" Aprili, Goba: "Gari umenunua wewe, lakini huu mgongo ni wangu." Siku nyingine palepale Goba: "Taratibu baba, nimepakata mayai!" Na cha mwisho ni cha Jumapili ileile ya Madale, mnarudi. Hicho sikunakilii, kisikilize mwenyewe.

Samina anakuomba radhi, Mwalimu wake. Anasema yale maneno ya upole aliyatafuta sana, hayakupatikana. Ni kugombezwa mwanzo mpaka mwisho.

Nimemwambia Praygod kila kitu. Alikaa juu ya kreti ya soda akalia mbele ya wateja, mtu mzima na mke. Vipande vimewekwa kwenye flashi mbili, moja anayo yeye na moja ninayo mimi kwenye kabati la chuma. Usiposema nami tena, hiyo yangu nitampa Samina aitunze.

Husseinali


Kimara, 17 Februari 2025

Jirani,

Nilirudi Alhamisi. Jana baada ya misa Praygod alinichukua mpaka kwake Madale. Aliweka kompyuta mezani sebuleni, akachomeka flashi, akataka kutoka ili aniache peke yangu. Nikamshika mkono akae.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliiona barabara tu. Mama yake alipopiga kelele ya kwanza, mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu kutafuta breki. Praygod aliona, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, nami nikacheka. Blessing alikwenda nyuma ya kompyuta kumtafuta bibi yake, akarudi, akaenda tena. Tulivirudia vyote mara tatu. Mke wa Praygod alikuja na chai ikapoa mezani.

Nimekuwa nikikuandikia kwamba Elinaza aliongea kwa upole. Miezi minane nimekaa na mwanamke mpole kwenye gari lenye turubai, sijui nilimtoa wapi. Yale maneno ya Mtoni aliyasema, naapa aliyasema, na nitayalilia mpaka mwisho wangu. Lakini aliyasema kati ya shimo na shimo. Kile kipande cha mwisho ulichonificha ndicho kinachoonyesha. Gari linaruka, anasema, "Haya, tuvunje na hili goti lililobaki!" Kisha inasikika sauti ya mwanamume, kali, ya mtu asiyekuwa na muda. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Nasema, "Elinaza, nyamaza, naendesha."

Nilihesabu, unajua nilivyo. Katika vipande kumi na kimoja, mara tano nasikika nikimwambia mke wangu anyamaze. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, nikalia mbele ya mjukuu. Praygod alidhani nimezidiwa na majonzi, akataka kuzima. Nikamwambia asizime, arudishe nyuma tena, nisikie anachosema mama yake baada ya hapo. Kwa sababu mara zote tano, jirani, hakunyamaza hata mara moja. Mungu ambariki, hakunyamaza.

Revelian